Namna ya kumfasiri Ernst Jandl bila kuupoteza ucheshi wake

Swali, kutoka kwa Mwalimu wa Lugha, Dar es Salaam

Ndugu wapenzi wa ushairi, habari zenu. Ninafundisha Kijerumani kwa vijana na watu wazima, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomesha mashairi mafupi ya Ernst Jandl, mshairi na mtunzi wa tamthilia wa Vienna, aliyezaliwa tarehe 1 Agosti 1925 na kufariki katika mji huo huo tarehe 9 Juni 2000. Wasomaji wengi wa Kijerumani humkumbuka kwanza kama mtu aliyewachekesha. Watoto wao hujifunza shuleni shairi lake la mwaka 1963, "ottos mops", linalomhusu Otto na mbwa wake mdogo mwenye uso uliokunjamana, na ambalo tangu neno la kwanza hadi la mwisho halina irabu nyingine yoyote isipokuwa o. Nilipolisoma kwa sauti darasani kwa mara ya kwanza, wanafunzi ambao Kijerumani chao kilikuwa hakijavuka salamu na hesabu walicheka kabla hawajaelewa mstari hata mmoja, na mmoja wao akaniomba nilifasiri ubaoni pale pale. Niliandika mistari miwili, nikaisoma, nikaifuta. Maana ilikuwapo yote, ila hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo nimejipa kazi ya kuandaa kijitabu cha tafsiri kwa ajili ya darasa langu, na nimekwama mahali patatu. Kwanza ni shairi hilo la Otto. Pili ni shairi fupi liitwalo "lichtung", lililomo katika diwani yake ya mwaka 1966, ambamo kila penye r pamewekwa l na kila penye l pamewekwa r, katika sentensi inayosema kwamba wapo wanaodhani kushoto na kulia haviwezi kuchanganywa. Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi, ni tamthilia yake "Aus der Fremde", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Graz mwaka 1979, ambamo hakuna mhusika hata mmoja asemaye "mimi" wala "wewe".

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaofasiri, wanaotunga na wanaoigiza: je, mtu kama huyu anafasirika kwa Kiswahili, au tumwache katika Kijerumani chake na tuandike maelezo pembeni? Na je, ni haki kumtambulisha kwa wasomaji wetu kama mshairi wa kuchekesha?

Jibu la Msomaji wa Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani jibu lake ndilo litakaloamua namna utakavyoyafasiri hayo mengine.

Jandl alichekesha, na alitaka kuchekesha, lakini tazama kicheko chake kimeota wapi. Mama yake, Luise, alianza kuandika mashairi baada ya kushikwa na maradhi, akafariki mwaka 1940, mwanawe akiwa bado mvulana. Diwani uliyoitaja ya mwaka 1966 inaitwa "Laut und Luise". Wajerumani wana usemi "laut und leise", yaani kwa sauti kubwa na kwa sauti ndogo, naye akaliondoa neno la sauti ndogo na mahali pake akaliweka jina la mama yake. Kwa hiyo msomaji anayekifungua kitabu hicho akitafuta kichekesho hupitia kwanza mlangoni pa marehemu. Mwaka 1938, siku Hitler alipouhutubia umati wa watu katika uwanja wa Heldenplatz mjini Vienna, Jandl alikuwa na umri wa miaka 12 na alikuwamo katika umati huo. Shairi alilolitunga kuhusu siku hiyo mwaka 1962 limejaa maneno yaliyovunjwa na kuungwa upya, na hilo mimi nisingethubutu kuligusa. Mwaka 1943 aliingizwa jeshini, akapelekwa vitani upande wa magharibi, akawa mateka wa Wamarekani, akafanya kazi ya ukalimani na kukaa katika kambi ya mateka nchini Uingereza, akaachiliwa mwaka 1946. Baada ya hapo akasomea Kijerumani na Kiingereza, akapata shahada ya udaktari mwaka 1950, na kwa muda mrefu wa maisha yake riziki yake ilikuwa chaki, kama yako.

Sasa ongeza katika kijitabu chako shairi la nne, "schtzngrmm" la mwaka 1957, maana bila hilo wanafunzi wako watamjua nusu tu. Alichukua neno la Kijerumani lenye maana ya handaki la vitani, Schützengraben, akazing'oa irabu zake zote, na kwa zile konsonanti zilizobaki akaunda shairi zima la milio: risasi, mabomu, mlio wa kitu kinachokatika. Hoja yake ni kwamba irabu ndizo zinazoimba, na vita haviimbi. Mwishoni zinabaki t chache tu, na Mjerumani akizisikia anatambua kwamba ni neno "tot", yaani aliyekufa, lililokwisha nyang'anywa irabu yake.

Nimehangaika na shairi hili kwa miezi mingi. Nilianza na "handaki", nikapata h, n, d na k, nikaona hazisemi kitu, kwa sababu Kiswahili hufunga karibu kila silabi kwa irabu na ukiiondoa irabu silabi inaanguka yote, ilhali Kijerumani kinaweza kubaki kimesimama kwa konsonanti tano mfululizo. Kisha nikaacha kulifuata neno lake, nikalifuata jambo lake. Chukua "mtutu", ule mtutu wa bunduki. Ng'oa irabu: m, t, t. Sema kwa haraka na kwa kurudia, mtt, mtt, mttttt, nawe unaisikia bunduki yenyewe ikifyatuka mdomoni mwako. Endelea hadi t moja ianguke na ibaki "mt" peke yake. Hiyo "mt" ni nini? Yaweza kuwa "mtu", na yaweza kuwa "maiti", kwa kuwa maneno yote mawili yana konsonanti hizo hizo na kwa mpangilio huo huo. Siku nilipoliona hilo nilisimama nikaenda kumwamsha mke wangu.

Na usisahau kuwaeleza wanafunzi gharama aliyoilipa. Mwaka huo huo wa 1957 baadhi ya mashairi yake ya aina hii yalichapishwa katika jarida la vijana la Vienna liitwalo "neue wege", walimu na wazazi wakaja juu, mhariri akapoteza nafasi yake, na kwa miaka kadhaa Jandl hakupata mchapishaji nchini mwake. "Laut und Luise" ilitolewa Uswisi na shirika la Walter, na ugomvi uliozuka humo kwa sababu yake ulichangia kuondoka kwa Otto F. Walter aliyeipokea. Yote hayo kwa sababu ya mashairi ambayo leo watoto wanayakariri.

Jibu la Kalamu ya Nairobi

Mwalimu, kuhusu "lichtung" nina pendekezo moja. Usijaribu kubaki na kushoto na kulia. Katika "kushoto" hamna l wala r ya kubadilisha, na "kulia" kwetu pia ni kutoa machozi, kwa hiyo msomaji atapotea njia kabla hajafika. Sisi tuna jozi ambayo Mjerumani angetuonea wivu: kura na kula. Katika Kijerumani kushoto na kulia ni pande za mkono na pia ni pande za siasa, na kejeli ya shairi imekaa hapo kwenye siasa; kwetu, mtu anayedai kwamba kupiga kura na kula ni mambo yasiyochanganyika amekwisha kugusa siasa bila kuitaja. Zipo pia kalamu na karamu, mahali na mahari, hali na hari, lakini hakuna yenye uzito kama hiyo ya kwanza.

Jina la shairi nalo lina jambo. "Lichtung" ni uwazi katikati ya msitu, mahali mwanga unapoingia. Lakini ukiirudisha r mahali pake unapata "Richtung", yaani mwelekeo. Nashauri jina la Kiswahili liwe "karamu", msomaji ajiulize mwenyewe kama si kalamu.

Jibu la Mwana wa Ziwa, Mwanza

Naomba kusema neno kwa heshima, kwa sababu jambo hili linanigusa. Lugha nyingi za nyumbani zina moja tu kati ya sauti hizo mbili: Kikuyu kina r, Kisukuma kina l. Sisi tuliokulia katika lugha hizo tumechekwa sana. Nikiwa darasa la tano mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu na kuniamuru niseme "kura" mara kumi, na kila nilipokosea darasa lilipiga makofi. Nilipoona ndugu yangu wa Nairobi amependekeza kura na kula, jambo la kwanza nililolisikia ni yale makofi.

Hata hivyo nimelisoma shairi la Kijerumani kwa makini, nikagundua kitu ambacho huenda kikatuokoa. Mtu mwenye lafudhi ya kwetu huziunganisha sauti hizo mbili ziwe moja. Akiwa ni wa l, basi kila kitu huwa l. Jandl hafanyi hivyo. Yeye hubadilishana kwa pande zote mbili bila kukosa hata mara moja, r inakuwa l na l inakuwa r, jambo ambalo hakuna mdomo wa binadamu unaolifanya kwa lafudhi. Na anayechanganya si mgeni wala si mtu wa kijijini, bali ni sauti ile ile inayosema kwa uhakika. Kicheko kinamwangukia mwenye uhakika. Kwa hiyo sharti langu ni moja: mfasiri abadilishe pande zote mbili, kikamilifu, na asiruke neno.

Nimejaribu hivi. Anza na sentensi ya kawaida: "kura ni kura, kula ni kula, ni mambo mawili". Ukishabadilisha inakuwa:

kula ni kula
kura ni kura
ni mambo mawiri

Msomaji anapita mistari miwili ya kwanza bila kuona kosa lolote, kwa kuwa yote ni maneno halali. Anapofika kwenye "mawiri" anashtuka, na hapo tu ndipo anaporudi juu na kugundua kwamba alichokwisha kukikubali kilikuwa kimebadilishwa tangu mwanzo. Kwa umbo hili sina kinyongo, na hata shuleni ningekubali kulisoma mbele ya watu.

Mwalimu wa Lugha

Marahaba, ndugu wa Mombasa, na asanteni nyote. Mwana wa Ziwa, hiyo tofauti ya kuunganisha na kubadilishana sikuwa nimeiona katika miaka yote niliyolisomesha shairi hili, na nitaiandika katika maelezo ya kijitabu. Pole kwa yale ya darasa la tano.

Naomba sasa tuingie kwenye tamthilia. Nieleze kidogo kwa wasioijua. Jandl aliiita opera ya kusemwa, yenye maonyesho saba. Wahusika ni mwandishi aliyeishiwa nguvu ya kuandika, mwanamke mwandishi aliye mwenzi wake, na rafiki anayewatembelea, na wote hawana majina ila viwakilishi. Wanazungumza juu ya chakula, juu ya kazi, juu ya kuchoka, lakini kila mmoja hujisema kana kwamba anamnukuu mtu mwingine, kwa nafsi ya tatu na kwa ile hali ya kitenzi ambayo Kijerumani hutumia katika kuripoti maneno ya mtu, katika beti fupi za mistari mitatu mitatu. Kiswahili hakina hali hiyo ya kitenzi. Tena kiambishi chetu "a-" hakibagui mume na mke. Naona milango miwili imefungwa kwa pamoja.

Jibu la Mwigizaji, Bagamoyo

Mwalimu, mimi ni mtu wa jukwaa, na kwa macho ya jukwaa naona milango hiyo iko wazi.

Kuhusu jinsia, sahau kitabu kwa muda. Hadhira inawaona mwanamume na mwanamke wamekaa mezani; haihitaji kiambishi cha kuwaambia nani ni nani. Kinachobaki katika "a-" yetu ni kitu ambacho Kijerumani hakiwezi kukipata: mwanamume anaposema "amechoka", hadhira haiwezi kuwa na hakika kama anajisema yeye au anamsema huyo mwanamke, mpaka itazame macho yake yameelekea wapi. Jandl na mshairi Friederike Mayröcker walikutana mwaka 1954 na wakawa wenzi hadi kifo chake, lakini kila mmoja alikuwa na makazi yake na meza yake ya kuandikia. Tamthilia hii imechota wazi kutoka katika maisha hayo. Watu wawili waliokaribiana namna hiyo na bado wanazungumzana kama kwa barua, hiyo "a-" isiyo na mwenyewe inawafaa kabisa.

Kuhusu kuripoti, wengi watakushauri utumie "eti" au "ati". Usikubali. "Eti" hubeba shaka na dharau; mhusika akisema "eti ana njaa" hadhira itadhani anadhihaki, na mhusika wa Jandl hadhihaki hata kidogo, amechoka tu kiasi cha kutoweza kulishika neno "mimi". Jaribu "kwamba" peke yake, bila ya kitenzi cha kusema mbele yake:

kwamba ana njaa
kwamba angekula
kama kungekuwa na mkate

Sikio la Mswahili likisikia "kwamba" hungojea kujua nani amesema, na hapa haambiwi. Sentensi inaning'inia. Mwigizaji akirudia hivyo kwa saa nzima kwa sauti inayokaribia kuimba, kama alivyotaka mtunzi, hadhira mwanzoni itacheka kwa ugeni wake, kisha taratibu itaingiwa na upweke wa hao watu. Ndivyo ninavyoielewa tamthilia hii, nayo ilipata tuzo ya utunzi wa tamthilia ya mji wa Mülheim mwaka 1980, baada ya kuchezwa pia Berlin katika jumba la Schaubühne.

Hata hivyo, kama wanafunzi wako watataka kuigiza kitu, ningeanza na mchezo wa redio. Jandl na Mayröcker waliandika pamoja "Fünf Mann Menschen", uliorushwa hewani mwaka 1968. Hauzidi sana robo saa. Wanaume watano wanazaliwa, wanakua, wanaingia kambini, wanapigana, wanajikuta hospitalini, wanashtakiwa, wanapigwa risasi, na mwishoni tunarudishwa chumba cha kujifungulia, watoto watano wengine wanalia. Hakuna anayehutubia juu ya ubaya wa vita. Sauti tano zinagawanywa kushoto, katikati na kulia kwa spika mbili, teknolojia iliyokuwa mpya redioni wakati huo, na msikilizaji anawasikia wamepangwa mstari kama askari gwaride. Ulipata tuzo iliyotolewa na chama cha watu waliopofushwa na vita, ambao wenyewe walikuwamo katika jopo la waamuzi. Nafikiria sana juu ya wasikilizaji hao. Sisi tuliolelewa na michezo ya redio tunajua mlango unavyosikika ukifungwa na mtu mwenye hasira; hatuhitaji kufundishwa kuusikiliza mchezo kama huu.

Jibu la Bibi wa Unguja

Wanangu, mmemsahau Otto na mbwa wake.

Msiing'ang'anie o. Katika Kiswahili kitenzi cha Kibantu kisichokanushwa, kikiwa katika hali ya kutoa habari, huishia kwa a, kwa hiyo mwenye kutafuta sentensi za o tupu atapata majina mengi, moto na moyo na kokoto, lakini hatapata mtu wa kutenda chochote. Irabu ya nyumbani kwetu ni a. Mpeni Otto jina la Asha, na mbwa awe paka, maana katika "mbwa" hamna pa kuchezea. Nami nimeandika haya jana baada ya magharibi:

Asha ana paka.
Asha asaga karanga.
Paka atazama.
Asha: haya, paka, hama!
Paka ahama. Asha akaa, awaza.
Paka! Paka!
Paka karamba karanga.
Alaa! Alaa!

Someni kwa sauti, na hiyo "alaa" ya mwisho muivute. Mtu asiseme kwamba huku si kufasiri. Jandl mwenyewe alikuwa mfasiri, aliwatia katika Kijerumani Gertrude Stein, John Cage na Robert Creeley, na mihadhara yake ya Frankfurt ya mwaka 1984 na 1985 aliipa jina la kufungua na kufunga mdomo. Basi Otto wa Kijerumani mdomo wake ni wa mviringo, na Asha wetu mdomo wake uko wazi. Mtoto wa madrasa aliyenisikia nikisoma alicheka, kisha akauliza paka amepigwa au hakupigwa. Nikamwambia hakupigwa.

Mwalimu wa Lugha

Bibi, shikamoo na asante. Shairi lako limesomwa darasani leo asubuhi mara nne mfululizo, kwa sababu kila kundi lilitaka zamu yake ya "alaa".

Baada ya hapo nilizima feni ili kuwe kimya, nikawasikilizisha sauti ya Jandl mwenyewe akisoma "schtzngrmm", kisha nikaandika "mtutu" ubaoni na kuzifuta irabu moja moja mbele yao. Walianza kwa kucheka, kama ilivyotarajiwa. Walipofika kwenye "mt" kijana mmoja wa nyuma akasema hiyo ni "mtu", na binti aliyekaa mbele yake akasema, bila kugeuka, kwamba ni "maiti", na wakaanza kubishana. Nimewaacha wabishane hadi kipindi kilipokwisha. Kesho tunaanza kugawana sauti tano za mchezo wa redio. Ndugu wa Bagamoyo, kama una nafasi, naomba unieleze namna ya kuwapanga watoto darasani ili kushoto na kulia kusikike bila spika.